Kioo Ambacho Hakikugeuzwa

5 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na mama, na kwamba kile kikohozi chako kimeshapata mwenyeji mwingine. Mimi sijambo, ila baridi ya huku mlimani na simu isiyoshika.

Uliuliza natafuta nini, maana jirani yetu seremala anadai nalipwa kwa kukodolea macho nyota. Natafuta galaksi kibete, Baba, ndogo na nyeusi, isiyo na nyota za kutosha hata kuonekana kwa darubini. Lakini ina uzito, na uzito wake unapinda mwanga unaopita karibu yake. Kwa hiyo tunaangalia galaksi ya mbali sana, ambayo mwanga wake umeshapindwa na galaksi kubwa iliyo mbele yake hadi ukawa upinde. Upinde ukiwa laini, hakuna kitu. Ukiwa na bonyeo, hapo pana kitu kimejificha gizani. Wewe fundi vioo unanielewa, unajua kioo kibovu kwa kuangalia ukuta wa ng'ambo.

Nimepata bonyeo moja. Anayejua ni mkuu wangu, na sasa wewe.

Kitindamimba wako

28 Machi

Mwanangu kitindamimba,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi kimehamia kwa mama yako, kimepata wa kukijibu.

Barua yako nimewasomea wote baada ya chakula, nimesimama, kwa sauti, kama kawaida yetu. Seremala alikuja na kiti chake.

Lakini hata mimi nina bonyeo langu. Niliweka kioo kwenye dirisha la duka la dawa, nikafumba jicho la kushoto kupima unyofu, nikaona fremu, nikiitazama kupitia kioo, imepinda katikati kama imesukumwa na kidole. Nimemrudishia mwenye ghala kioo chake. Alichonipa badala yake nacho kibovu. Siku hizi tunauziwa takataka. Hivi ninyi mnajuaje kama ubovu si wa darubini yenu?

Baba yako

19 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama umpe pole ya kikohozi.

Mkuu wangu aliniuliza hilohilo. Sheria yetu ni kwamba kabla hujaisingizia mbingu, shuku chombo chako. Tunaigeuza kamera. Bonyeo likigeuka nayo, ubovu ni wetu. Likibaki palepale, ni la huko juu. Nimegeuza, Baba, na limebaki! Nina furaha hadi chakula hakipiti.

Nawe kigeuze kioo chako, umkomeshe huyo mwenye ghala.

Kitindamimba wako

14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amepona. Usiicheke mistari yangu, meza imelegea.

Nilikigeuza kioo juu chini na bonyeo likabaki palepale. Basi nilimwonea mwenye ghala, ubovu ni wa jengo. Nikang'oa fremu nikaweka nyingine, nayo imepinda. Nilipoanza kupima hapa kwetu nikaona mlango umepinda, kabati limepinda, hata nguzo ya umeme nje. Ardhi inadidimia, mwanangu, mtaa wote unakwenda nayo. Mama yako anasema haoni kitu. Karibuni napanda ngazi nikaangalie paa.

Halafu mwandiko wako umekuwa mdogo. Andika kwa herufi kubwa.

Baba yako

1 Juni

Baba,

Leo sikusalimii, unisamehe. Kuna kioo kimoja hujakigeuza, nacho ni jicho lako. Usipande ngazi. Simama mbele ya mlango, fumba jicho la kulia, lile la kazi, uangalie kwa la kushoto. Mlango ukinyooka, au hata usiponyooka, nenda hospitali ya macho siku hiyohiyo. Mistari inapopinda hivyo jicho linaumwa kwa ndani, na ugonjwa huo haungoji. Ulinieleza yote nami nikafikiria kamera yangu tu. Naogopa. Mpe mama naye asome.

Mwanao

27 Juni

Baba, mbona kimya? Nimeomba ruhusa ya kushuka, bado sijajibiwa. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Huyu ni mama. Baba yako hakuanguka, ngazi niliificha.

Barua yako ya tarehe mosi ilifika mapema. Aliifungua baada ya chakula, akasimama, akatusomea. Alisoma kwamba unatusalimu sote, baridi imepungua, galaksi yako imethibitishwa na mkuu wako amekupa mkono. Tukapiga makofi. Seremala akaomba isomwe tena. Safari ya pili galaksi zikawa mbili. Hapo nilipaswa kushtuka, nikadhani ni furaha.

Juzi nikifua koti lake niliikuta mfukoni. Nilisoma mstari wa kwanza, nikamaliza yote, nikaliacha koti kwenye maji nikampeleka hospitali.

Daktari anasema jicho la kazi halina tena katikati. Akinitazama nalo anaona masikio na kilemba, uso haupo. La kushoto nalo limeanza, wanalidunga sindano na hawaahidi kitu. Tungekwenda siku ile barua ilipofika, maneno yangekuwa mengine.

Nilimuuliza kwa nini hakusema kwamba hawezi kusoma. Akajibu, "Ilikuwa fupi. Nikajua ni habari njema."

Njoo ukiweza. Ukishindwa, andika kwa herufi kubwa, maana sasa nasoma mimi, na yeye kila asubuhi anauliza kama galaksi imethibitishwa. Wewe andika ukweli wako wote. Kumsomea niachie mimi.

Mama yako