Tangazo Ambalo Simu ya Mwanaisha Haikulisoma

Dada Kadzo,

Mwanaisha hakujua kwamba umezikwa. Amenieleza mwenyewe leo asubuhi, kutoka Mtwapa. Nilikuwa nimeiwasha simu yako kwa mara ya kwanza tangu msiba, ikaita papo hapo. Kabla sijasema neno akaanza: "We mwanamke, wiki nzima umeninunia, nimekukosea nini?" Nikamwambia. Akauliza, "Kadzo wangu mimi?" Kana kwamba yuko mwingine.

Tangazo alilipata. Kamati ya mazishi ililipamba, sura yako juu, maelezo chini, yote yakafanywa picha moja, na mjomba Karisa akalisambaza kwa WhatsApp. Simu ya Mwanaisha, inayomsomea kila kitu kwa sauti, ilifika pale ikasema "picha", ikaendelea. Akadhani ni yale maua ya salamu za asubuhi. Wenzenu wengine wa shule ya wasioona nao hawakuja. Siku ile niliwatafuta makaburini, nikafikiri wamekosa nauli.

Na wewe ndiye uliyekuwa ukienda Kilifi kuwafundisha makarani kutoa nyaraka ambazo simu inaweza kuzisoma. Walipokutumia ilani ya ardhi waliyoipiga picha, uliwarudishia. "Andikeni maneno. Na picha ielezeni. Mimi sina macho ya kukodisha." Walicheka, lakini waliandika.

Nimeandika habari za vifo miaka mingi. Jina, umri, mahali, naingia habari nyingine. Leo nimekaa na tangazo lako mchana kutwa. Maelezo niliyaandika upya haraka. Nilipofika kwenye picha nikakwama, dada. Nilifuta, nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaacha hivi: Kadzo amevaa gauni la kijani, amekaa barazani kwake Gede, anacheka, kichwa kimeinama upande kama anayemsikiliza mtu.

Nikamtumia Mwanaisha kwanza. Alilisikiliza, akanipigia. "Na pengo la mbele? Mdogo wangu, Kadzo gani huyo asiye na pengo? Tangu shuleni, akiniita, jina langu lilitoka na mluzi."

Ni kweli. Nimekutazama maisha yangu yote, na mluzi ule nilikuwa nimekwisha kuuzoea hata siusikii. Sasa nyumba iko kimya, ndipo nausikia.

Nimeliongeza pengo. Nimewatumia wote, kwa maneno.

Pumzika, dada. Nakuahidi, hakuna habari ya nyumba hii itakayotoka tena ikiwa picha bubu, iwe ya harusi au ya msiba.

Wenzako wanakuja Jumamosi. Saa tatu asubuhi nitawapokea stejini Gede watakaposhuka garini, wanishike kiwiko hadi kwako. Mwanaisha ameniagiza mtu yeyote asifungue kinywa kaburini mpaka yeye akuite kwanza.

Mdogo wako,
Dama