Makofi kwa Picha Iliyopinduliwa

Katoro, Jumamosi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi. Blauzi yangu nyeupe nimeifua mara mbili na bado naiona chafu.

Najichukia leo. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi.

Tangu nimalize kidato cha nne nasaidia kwenye maonyesho ya msanii mmoja aliyetoka mbali. Kazi yangu ni kusimama kando ya picha kubwa ya kubandika na kuwaeleza wageni umbo na muundo wake. Nimekariri: chini safu ya taulo, katikati blanketi, juu gunia la sandarusi, halafu rangi ya dhahabu. "Matambara yaliyotupwa," ndivyo alivyonifundisha kusema.

Hayakutupwa. Aliyaomba mwaloni, kwa wanawake wanaoosha mchanga wa dhahabu, mama yangu akiwemo. Vitambaa hivyo hutandikwa kwenye ubao wa kuoshea ulioinama, kimoja chini ya kingine, ili vinase dhahabu. Vikichakaa huchomwa, na majivu yake huoshwa tena. Aliwaambia atavirudisha. Amevipaka gundi. Bado vinanuka tope, na sasa vinanuka kama kitu kilichoozea ndani ya ndoo.

Jana Mama alikuja kutazama, kandambili zikiwa na matope. Maelezo ukutani hakuyasoma. Aliinama, akapapasa mishono, akacheka.

"Huu mshono wa Mama Shija, haujawahi kunyooka." Akamgeukia msanii. "Ila baba, umepindua. Taulo hukaa juu, mchanga unapoingilia. Hivi ulivyoweka, dhahabu yote imekwenda na maji."

Wageni wakageuka kumtazama. Mimi, nisiyeweza hata kuagiza chai hotelini bila kutetemeka, ndipo sauti ikanitoka: "Mama, hujui. Huu ni muundo."

Alinitazama. "Haya, mwalimu," akasema. Akakaza kitenge chake kiunoni, akaondoka.

Mwenye kuujua muundo ule alikuwa yeye peke yake.

Leo walikuja wageni wengine, kutoka Mwanza. Msanii alisimama mbele yao, mkono mmoja mfukoni: "Nimeupindua ubao kwa makusudi. Taulo liko chini, ili mtazamaji aone jinsi dhahabu yetu inavyokwenda na maji."

Maneno ya Mama, yamepigwa pasi tu. Wageni wakapiga makofi.

Nami nikapiga.

Nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi inawasha. Kinyaa hakijatoka.

Jioni Mama aliniita: "Mwalimu, njoo ule." Hakuwa na hasira hata kidogo, ndiyo maana nilikula nikitazama sahani tu.

Kesho wageni wa kwanza wanafika saa nne. Nataka nianze hivi: ubao huu umepinduliwa kwa kutojua, aliyeliona hilo ni Mama Kulwa, mama yangu, na vitambaa hivi vina wenyewe. Nikifukuzwa, nifukuzwe. Na sauti ikigoma, kama ninavyoijua, nitasimama pale pale kimya.

Lakini makofi sipigi tena.