Nyota Tano za Mpenda Ladha

Jumapili, 1 Septemba

Asubuhi nimetuma ombi la ishirini na tatu la kazi ya kuandika. Majibu: hakuna. Huenda yale ishirini na mawili yalisomwa, huenda hayakusomwa — sina njia ya kujua, na kutojua huko kunanichosha kuliko kukataliwa. Katika soko hili la mtandaoni kila mwandishi ana nyota chini ya jina lake. Chini ya langu pameandikwa: bado hajapata tathmini. Hakuna anayempa kazi asiyewahi kupewa kazi. Nilisoma falsafa miaka minne. Hoja ya mduara kama hii tulikuwa tukiifuta ubaoni kwa dakika mbili.

Abla Thuraya, mwalimu mkuu wa ile shule ya Dumyat, amepiga simu tena. Nafasi ya kufundisha bado ipo. Anataka jibu Alhamisi ya tarehe 12. Baada ya hapo atampa mwingine. Kutoka hapa Mansura ni saa moja na nusu kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Na mama? Tangu kiharusi cha Machi hainuki kitandani bila bega langu. Mama mdogo Inshirah, wa ghorofa ya juu, ana duka lake la achari. Nikipata kazi moja tu ya kudumu ya kuandikia nyumbani, nitaikataa Dumyat kwa moyo mweupe. Nisipopata, sijui nitamwacha na nani.

Jumanne, 3 Septemba

Mama mdogo ameshuka na bakuli la biringani, akauliza biashara yangu inaendaje. Nikamweleza habari ya nyota. Alinisikiliza kwa makini kuliko walivyokuwa wakinisikiliza wahadhiri wangu. Kwa maoni yake tatizo si uandishi. Tatizo ni kwamba sijafunguliwa. Duka jipya likianza mtaani kwetu, jirani hununua kitu cha kwanza hata kama hana haja nacho. Mkono wa kwanza ndio unaovuta mingine. Nikamwambia huko mtandaoni hakuna majirani.

"Kila mahali pana majirani," akasema. "Nyinyi wasomi ndio hamsalimiani."

Mama akacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Alhamisi, 5 Septemba

Kazi! Mteja anajiita Mpenda Ladha. Picha yake ni ua waridi. Anataka maneno mia tano kuhusu achari ya limau. Bei hakuibishia hata kidogo. Nimeandika kutwa, aya ya kwanza nimeifuta mara sita. Sharti lake ni moja: nieleze kwamba limau hupasuliwa mara nne bila kuachanishwa, na habasoda hutangulia chumvi.

Mwenye sharti kama hilo namjua mmoja. Lakini habasoda hutiwa Misri nzima, nami nina tabia ya kuona ushahidi mahali penye sadfa tu. Sikuuliza.

Jumamosi, 7 Septemba

Nyota tano. "Mwandishi hodari, ana adabu, mtoto wa watu." Nani huandika "mtoto wa watu" kwenye tathmini?

Sikupata muda wa kulitafakari — au sikuutafuta. Adhuhuri nikaandikiwa na Daktari Rula, wa kituo kimoja cha tiba huko Amman. Anatafuta mtu wa kuandika makala thelathini kwa ajili ya familia zinazouguza wagonjwa wa kiharusi nyumbani. Akauliza ninajua nini. Nikamweleza habari ya kumgeuza mgonjwa, taulo chini ya kifundo cha mguu, maji yanayompalia hata kijiko kikiwa kidogo. Akajibu kwamba wengine wote wamemletea vitu vya kunakili. "Wewe umeandika kama mtu aliyeyafua hayo mashuka." Mkataba Jumatano, inshallah.

Makala thelathini! Hadi majira ya kuchipua. Ila aliongeza, kana kwamba si kitu, kwamba maombi ya wasio na tathmini huwa hayafungui kabisa.

Jumatatu, 9 Septemba

Akaunti yangu imesimamishwa. Soko limegundua kuwa mimi na Mpenda Ladha tunaingia kwa intaneti moja. Wanataka nieleze uhusiano wetu ndani ya siku tatu. Ndugu kuwapa ndugu zao nyota ni udanganyifu. Adhabu yake yaweza kuwa kufungiwa kabisa. Na mkataba hausainiwi na akaunti iliyosimamishwa.

Nikapanda juu. Mama mdogo alikuwa akishindilia karoti kwenye chupa. Hakukana. Alilipa kwa kadi ya mkwewe. Na intaneti ni yetu, kwa waya tuliompitishia dirishani miaka miwili iliyopita ili atazame tamthilia zake.

"Kwani nimedanganya nini? Hukuandika? Sikulipa? Makala yako nimeibandika dukani, wateja wanaisoma wakisubiri chenji."

Nikasema wenye soko huuita huo udanganyifu.

"Basi hao hawajawahi kufungua duka."

Nimeshuka nikiwa na hasira naye. Sasa ninapoandika naona hasira hiyo si halali: nilijua tangu Alhamisi. Yeye alifanya kwa kutojua kanuni. Mimi kwa kuchagua kutouliza.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeandika majibu mawili kwa soko. La kwanza: mteja ni jirani wa ghorofa ya juu anayetumia intaneti yetu. Kila neno ni kweli, na jumla yake ni uongo. La pili lina mistari minne na neno "mama yangu mdogo".

Mama mdogo alipenda la kwanza. Yeye si jirani? Ngazi kumi na nane tu! Nilipositasita akapunguza sauti: "Ukweli wako huo, Rabab, ndio utakaomnyanyua mama yako kitandani ukiwa Dumyat?"

Hatukujua kwamba mlango wa chumba cha mama uko wazi. Baadaye kidogo tukasikia kishindo. Mama alikuwa sakafuni, kavaa ndara zote mbili, mgongo kwenye kitanda. Hakuumia. Alisema alikuwa akijaribu. Niende tu Dumyat, atajifunza.

Mama mdogo alikaa sakafuni karibu naye, akaanza kumkanda mguu.

Nimetuma lile la pili. Nakala kwa Daktari Rula. Sijui kama ni uadilifu au ni kuchoka tu. Kwa ndani mambo hayo mawili hayana tofauti kubwa.

Alhamisi, 12 Septemba

Saa tatu: nyota zimefutwa. Akaunti bado inachunguzwa.

Saa tano: Daktari Rula. Hakunilaumu, wala hakunisifu. Wenzake wanakutana saa kumi, na wawili kati yao hawanitaki tena. Kama nataka, nimpelekee makala moja kabla ya hapo, bila mkataba wala ahadi, awasomee. Mada nichague mwenyewe.

Nimechagua: jinsi ya kumwinua mgonjwa kutoka sakafuni ukiwa peke yako. Abla Thuraya nilimwomba anisubiri hadi saa tisa na nusu. Alikubali kwa sauti ya mtu ambaye hatakubali tena.

Naandika haya katikati ya aya ya tano na ya sita. Zilizotangulia nimemsomea mama. Alisikiliza macho kayafumba, akanisahihisha mahali pamoja tu.

"Usiandike kwamba aliyeanguka anaogopa. Andika kwamba anaona haya. Wamgeuzie uso kwanza, ndipo wamshike."

Nimeandika hivyo. Ni sentensi bora kuliko zangu zote, na sina hakika kama ni haki kuitia jina langu.

Saa tisa na nusu. Simu inalia. Namba ya Dumyat. Mama anasema niipokee. Nimebakiza aya moja.