Ngozi ya Ndama na Kikombe cha Eider

La Quebradona,
Caquetá, Kolombia.
9 Juni 2024.

Mpendwa Mama Mdogo Rosmira,

Pokea salamu za moyo wangu wote. U hali gani huko Uhispania? Magoti yameacha kukusumbua, au bado unapanda ngazi za watu na ndoo mkononi? Sisi tu wazima, kwa maana ya kwamba tunapumua. Usingoje simu, mnara watu wa msituni wameulipua. Barua hii anaibeba padre, ndiye pekee wanayempisha.

Uliniuliza kama Eider ameshaacha maziwa ya kopo. Ameacha, Mama Mdogo, lakini si kwa amani.

Nesi alinishauri nianze mtoto akishatimiza mwaka: nitie maziwa ya ng'ombe kidogo ndani ya yale ya kopo, niongeze polepole, na chupa niibadilishe kwa kikombe. Sikuwa na haraka. Kisha watu wa msituni wakafunga barabara na kutangaza kwamba atakayepita atapigwa risasi. Mume wangu Gentil akasema mtoto hajui vita, akapanda pikipiki kwenda kununua kopo. Walimkamata darajani akirudi.

"Hiki chakula cha adui," wakamwambia.

"Adui mwenyewe hana hata magego," akawajibu. Unaujua mdomo wake.

Wakamvunja mkono kwa kitako cha bunduki. Kopo wakalipasua kwa panga, unga wote ukamwagika matopeni. Alifika nyumbani kwa miguu, shati lina damu na unga, mkono unaning'inia.

Nikabaki na nusu kopo, basi nikaanza kuchanganya. Funda la kwanza Eider alinitemea usoni. Mara ya pili alikitupa kikombe, kikampata mbwa. Mama mkwe wangu, Mama Edilma, alikuwa na dawa yake: maziwa ya mwisho ya kiwele, yenye povu, mtoto anyweshwe palepale chini ya ng'ombe yangali na joto.

"Gentil kalelewa hivyo, na mtazame alivyo fahali!"

"Fahali mwenye mkono mmoja," Gentil akaguna kitandani.

"Mama, mila sizikatai," nikamwambia, "lakini maziwa ya mwanangu yatachemka kwanza."

Alininunia, akasema mimi nimesomea sufuria. Nikachemsha. Nikawa nampa yakiwa vuguvugu, baada ya ndizi na yai, nami nikinywa mbele yake. Tulipofika nusu kwa nusu, alikunywa huku akinitazama kama polisi, lakini alikunywa.

Ndipo wakaja watatu wa wale wa msituni alfajiri moja, nikiwa nakamua. Unakumbuka ng'ombe wa huku hawaachii maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, kisha unamfunga kwenye mguu wa mama yake. Ndama wa Paloma alikuwa amefungwa hapo hapo. Paloma ndiye tuliyebaki naye, wengine walishawachukua. Mmoja wa wale watu, hata ndevu hana, akasema wana hamu ya nyama laini. Akampiga ndama risasi ya kichwa, mimi nimeshika chuchu. Damu iliingia ndooni. Paloma alirusha teke, nikaangukia ukuta, na ubavu huu mpaka leo unaniuma nikicheka. Bahati nzuri sicheki sana. Wakakata mapaja, wakaenda zao.

Paloma akakaza. Alilia zizini kutwa, kiwele kimekuwa jiwe, hatoi hata tone. Na mimi nikichota unga wa kopo, kijiko kinagonga bati.

Mama Edilma alitoka na kisu, akapiga magoti kwenye mzoga.

"Yineth, acha kulia. Shika miguu."

Tukamchuna ndama, ngozi tukaipaka chumvi. Jirani yetu Saúl alikuwa na ndama yatima, mama yake alikanyaga bomu lililofukiwa karibu na mto. Tukamvika yule yatima ngozi, ili Paloma anuse harufu ya mwanawe, tukaifunga kwa kamba chini ya tumbo. Paloma alimsukuma kwa pembe, akamnusa mkia, akanyamaza. Kisha akaanza kulamba. Maziwa yakashuka.

Mama Edilma, damu mpaka viwikoni, akasema, "Mimi namdanganya ng'ombe, wewe unamdanganya mtoto. Nyumba ya waongo hii!" Nilicheka, ubavu ukaniadhibu.

Kopo likaisha. Asubuhi ya kwanza bila kopo, nikiwa zizini na Eider kiunoni, wale watu wakarudi. Yule asiye na ndevu akamwelekezea yatima bunduki. Nikasimama katikati.

"Ukimuua huyu, ng'ombe hatatoa maziwa, na mwanangu hana kingine. Basi anza na mimi."

Akanisukuma kwa mtutu. Nikarudi palepale. Akanizaba kofi, damu ikanijaa mdomoni, Eider akapiga ukelele. Nikarudi palepale. Akanipita, akamkamata ndama shingoni, na hapo harufu ikampata. Ngozi ilikuwa imeshaoza, nzi wamejaa, funza wanachungulia penye kamba. Akaruka nyuma, akatapika juu ya buti zake.

"Njoo ule nyama laini, bwana!" mwenzake akamcheka.

"Huyu ana maradhi! Wote wana maradhi hapa!"

Wakaondoka. Sikumsahihisha.

Nikamaliza kukamua, nikachemsha. Mama Mdogo, Eider alikishika kikombe kwa mikono miwili, maziwa ya ng'ombe matupu, akanywa mpaka chini, akakigonga mezani kudai kingine. Nikamkatalia, kwa sababu akishiba maziwa hatakula chakula. Akainua mkono, akanizaba kofi, shavu lile lile.

Nikaushika ule mkono, nikaubusu, nikamwambia, "Hapana, baba. Humu ndani mtu hapigwi."

Nisalimie binamu Anyela na mumewe, na mjomba Heliodoro mwambie mkono wa Gentil unaunga, ingawa umepinda. Mama Edilma anakusalimu, anasema nimekuwa mkaidi kama wewe. Bikira akufunike kwa vazi lake, akurudishe kwetu siku barabara itakapofunguka.

Ni mimi mwanao, nakupenda kwa umbali wote huu,

Yineth