Sarafu Iliyong'arishwa

Mwanangu, maharage yapo jikoni, yaongezee chumvi. Nguo uzianue, mawingu yametanda.

Asubuhi nilimpelekea sonara ile sarafu ya fedha aitie mkufu, babu yako aivae hospitalini. Akaitazama kwa lenzi: "Imesuguliwa hii, mama. Ona mikwaruzo, yote imeelekea upande mmoja." Nikakumbuka kile kitambaa chenye dawa ya meno nilichokikuta chumbani mwako. Hata meno yako huyasugui hivyo!

~~Sijakasirika.~~ Nimekasirika kidogo. Najua ulitaka kumfurahisha babu yako. Lakini ule weusi wa sarafu uliingia kwa vidole vyake, kila alipoipapasa akimkumbuka bibi yako.

Nikampelekea hospitalini. Akaigeuzageuza, akanirudishia: "Hii siyo aliyoniachia mke wangu."

Narudi kwake. Uje jioni umweleze wewe, mimi nimeshindwa.

Mama