Mama Alivyomwimbia Lurleen

Pigeon Fork, Kentucky
14 Aprili

Mpendwa mdogo wangu Coy,

U hali gani huko Alaska? Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Sisi hatujambo. Goti bado linamsumbua Mama akipanda ngazi, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Nadhani habari zimekwisha kukufikia. Yule mwimbaji Dub Hensley alifariki Machi, usingizini, na kabla hatujamaliza kumlilia, siku tisa baadaye Lurleen Stidham akamfuata. Mzee Farris wa duka la mbolea ameshusha bendera nusu mlingoti, na ole wake atakayeigusa. Dub nilimlilia kama wengine, maana Baba hakuendesha lori bila nyimbo zake. Lakini Lurleen alituumiza kwa namna nyingine.

Wewe hukuwa umezaliwa, basi nikueleze. Kabla ya kuwa nyota wa muziki wa kantri, Lurleen aliimba na Mama miaka sita, kanisani na kwenye maonyesho ya kaunti. Yeye sauti ya kwanza, Mama ya pili. Jumapili moja Mama alimngoja kanisani na gauni jipya, kumbe mwenzake ameshapanda basi la Nashville kwenda kutafuta jina, bila kuaga. Miaka arobaini na mitatu hawakusemeshana.

Familia ilimrudisha azikwe huku kwetu. Binti yake, Darla, akaja hadi barazani kwetu, macho mekundu.

"Bi Verna, mama aliomba wewe ndiwe umwimbie mazikoni."

"Miaka yote hiyo hakujua nyumba yangu ilipo?"

"Aliijua. Alikuja mara mbili, akageuza gari pale darajani. Aliona aibu."

"Mjinga yule!" Mama akasema, akaingia ndani na kujifungia. Nikamwambia Darla asitumaini sana.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Mama amekaa jikoni, amevaa, kofia kichwani. "Unaniangalia nini? Washa gari."

Kanisa lilijaa, wengine wakasimama nje madirishani. Mama akasimama kando ya jeneza, ameshika kiti, akaanza ule wimbo wao wa zamani. Mwanzoni sikuutambua. Alikuwa anaimba sauti ya pili peke yake, Coy. Kila palipokuwa pa Lurleen kuimba peke yake, Mama alinyamaza na kungoja, kichwa kimeinama, mpaka zamu yake ilipofika. Katika ukimya ule kila mtu alimsikia Lurleen. Wanaume wazima walijifuta macho kwa kofia zao.

Baadaye, tukila maharage na mkate wa mahindi, Mzee Farris akamchokoza. "Verna, mbona hukuimba sauti ya kwanza? Leo ungetamba."

"Naiweza tangu zamani," Mama akasema. "Lakini ile ni yake."

Farris akamsogezea mkate wa mahindi.

Mama alilia njia nzima ya kurudi, kilio cha sauti ambacho sikukisikia hata Baba alipokufa. Sikumnyamazisha. Niliendesha polepole, na tulipofika nyumbani nikapitiliza bila kusimama, nikazunguka tena mpaka alipotosheka.

Msalimie mkeo Irene na watoto. Mjomba Estill anakusalimu na kuuliza utakuja lini. Mpigie Mama Jumapili, anapenda kukusikia. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Nelda