Jiwe Langu la Msituni

Hafidha, soma hii sasa hivi.

Leo tulienda hifadhini huko Uluguru, mimi na Dennis. Mzee Mwinjuma aliyetuongoza akasema kila mtu aweke jiwe mpakani mwa msitu, akitoka alichukue. Ndiyo desturi yao. Mimi nikacheka, ila nikaweka langu.

Tumetoka, mawe yao yapo. Langu halipo. Halipo, Hafidha.

Mzee akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nani ametangulia kutoka na jiwe lako?"

Nimefika nyumbani Mafiga, namwamkia mama, ananishangaa: "Si umepita sasa hivi bila hata shikamoo, ukaingia chumbani?"

Niko barazani. Mlango wa chumba changu umefungwa kwa ndani. Mama anasema alishapeleka chai, ikapokelewa.